Ukifika Kwenye Jiwe Kubwa, Kata Kushoto

Swali dogo kwako msomaji unayekaa mjini. Ile njia inayopita mlangoni kwako inaitwaje? Sijauliza mtaa. Nauliza jina la njia yenyewe. Kama umejibu bila kutoka nje kuchungulia kibao, hongera zako, mko wachache.

Nadhani sehemu ya tatizo imo kwenye lugha yetu wenyewe. Neno mtaa tumelibebesha mizigo miwili. Mtaa ni njia yenye nyumba huku na huku, na hapo hapo mtaa ni eneo zima lenye mwenyekiti, mtendaji, muhuri na daftari la wakazi. Ukiulizwa unakaa mtaa gani, unataja eneo. Na kwa hapa Mwanza eneo hilo linaweza kuanzia kwenye lami na kuishia kileleni mwa mlima, katikati kukiwa na vichochoro hata mwenyekiti mwenyewe havijui vyote.

Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi, kabla ya ile sensa ya Agosti. Njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vibao vikasimikwa, na ikaja na programu ya simu ya kutafutia anwani. Niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni 1. Mji wa ukubwa huo hauwezi kuendelea kuelekezana kwa "pale kwenye mwembe".

Ila vibao vimesimama, majina hayajahamia midomoni mwa watu. Hilo ndilo linalonikera.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kuonana na bibi mmoja anayekaa kwenye mojawapo ya vilima vya upande wa Mabatini. Nilikuwa na jina la njia na namba ya nyumba, vyote nimevinakili vizuri kwenye kidaftari. Nikamuuliza bodaboda wa kwanza, akatikisa kichwa. Wa pili akacheka, akaniuliza, "Kwani hapo jirani kuna nini?" Mama muuza dagaa akaniambia nipande mpaka kwenye jiwe kubwa, halafu nikate kushoto.

Jiwe kubwa! Jamani, Mwanza? Mji ambao nyumba zake zimekaa juu ya mawe, chini ya mawe na kati ya mawe, unamwambia mtu jiwe kubwa? Nilikata kushoto kwenye mawe makubwa manne. La kwanza lilinipeleka uani kwa watu wanaoanika nguo. La pili kwenye korongo. Simu ilionyesha kwamba nakoenda ni mita chache tu mbele, na kweli zilikuwa mita chache, isipokuwa zilikuwa za kwenda juu na ramani ya simu haijui kupanda ngazi. Nikageuka kuangalia chini: paa za mabati mpaka Nyerere Road, Bugando imekaa kwenye mlima wake kama kawaida, na ziwa kwa mbali linameremeta. Mandhari safi kabisa. Ndiyo maana sikukasirika sana.

Aliyenitoa ni kijana wa chipsi. Kibanda chake kiko pale njia ya magari inapoishia: kabati la kioo, karai la mafuta, jiko la mkaa, benchi moja. Nikaagiza chipsi mayai kwanza, maana njaa nayo ilishapanda mlima. Najua wapo watakaosema mtu wa Mwanza anakulaje chipsi wakati sato yupo. Sato namheshimu. Lakini sato ni mlo wa kukaa na kusubiri, na wazee wetu Wasukuma chakula chao cha safarini kilikuwa michembe na matobolwa, sio samaki mzima kwenye sinia. Chipsi mayai ndiyo michembe ya kizazi chetu. Akavunja mayai mawili, akamwaga juu ya chipsi, akakandamiza mpaka pembeni pakawa pa kahawia, akageuza kwa sahani bila kudondosha hata moja. Kachumbari pembeni, pilipili ya kutosha, njiti mbili. Shilingi 3,000. Nimekula hotelini kwa bei mara tatu ya hiyo na sikumbuki hata ladha yake.

Nikamwonyesha kidaftari. Lile jina la njia hakulijua. Nilipomwambia ni bibi anayefuga bata, akamtuma mdogo wake anipeleke. Dakika nne tu!

"Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, umepotea wewe." Akacheka. Kisha akanieleza kitu kilichonikata kicheko. Mumewe alizidiwa saa 8 usiku. Mwanawe akapiga simu kwa dereva wa teksi, dereva akaja, akakaa chini kwenye lami anauliza njia kwa simu. Njia gani? Hakuna aliyekumbuka jina la kwenye kibao. Mwisho vijana wakambeba mzee mgongoni, gizani, kwenye mawe yale. Alifia njiani kabla ya kuifikia teksi. Bibi hamlaumu dereva. Anasema lile jina la njia walilisoma siku kibao kinasimikwa, na hawajawahi kulitamka tena.

Mimi maoni yangu ni haya. Pale ambapo watu wana jina lao, liwe Kwa Bata au Kwa Fundi Baiskeli, liandikwe kwenye kibao chini ya lile rasmi na liingizwe pia kwenye programu. Mtu anapopiga 114 au kumwita dereva hatamki postikodi, anatamka anachokijua. Pili, mawe tunayo. Wenye matangazo yao wanayapaka rangi kila siku bure. Kwa nini yasiandikwe jina la njia na mshale, kwa herufi ambazo tochi ya simu inaweza kuzionyesha usiku? Kopo la rangi na brashi, basi. Kazi hiyo wenyeviti wa mitaa wanaweza kuifanya kwa siku moja bila kuitisha semina.

Wadau mnaokaa Igogo, Bugarika, Mabatini na kwingine milimani, kwenu mnaelekezana vipi usiku?

Kijana wa chipsi nilimpitia wakati nashuka. Kasema mgeni yeyote wa bibi atamfikisha, asiwe na wasiwasi. Nikamuuliza anafunga saa ngapi. Saa 5 usiku.