Wengi wape, lakini wachache wajibiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya namna kanuni mpya za mtandao wa intaneti zinavyopitishwa. Wapo wanaodhani hili ni jambo la mafundi wa ng'ambo tu. Lakini vivinjari, yaani programu tunazofungulia kurasa za intaneti kwenye simu zetu, hufuata kanuni hizo hizo.

Chombo kimojawapo kinachozitunga ni W3C, kilichoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Mwaka 2017 wanachama wake walivutana juu ya kanuni iitwayo EME, inayokiwezesha kivinjari kuonyesha filamu zilizofungwa ili zisinakiliwe ovyo.

Walioitaka walikuwa na hoja nzito. Walisema wenye filamu watazifunga tu, kanuni iwepo isiwepo. Basi heri zionyeshwe ndani ya kivinjari kuliko kumlazimisha mtazamaji kuweka programu nyingine asiyoijua. Berners-Lee mwenyewe aliunga mkono.

Waliopinga, likiwamo shirika la EFF la Marekani, walieleza kuwa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za namna hiyo. Hivyo mtafiti anayetafuta kasoro za usalama, au fundi anayetaka kumsaidia kipofu kuifuata filamu, anaweza kujikuta mahakamani. EFF walipendekeza suluhu: kanuni ipite, lakini wanachama waahidi kutowashitaki watu kama hao. Ahadi hiyo haikupatikana.

Rufaa ilikatwa, kura zikapigwa. Waliokubali walikuwa 108, waliokataa 57, na 20 hawakuelemea upande wowote. Septemba 18, 2017, kanuni ilitangazwa, na siku hiyo hiyo EFF wakajitoa.

Mimi sipingi kura. Wahenga walisema wengi wape. Lakini kura hutuonyesha ni wangapi waliokubali. Haisemi nani atamlinda yule mtafiti. Kuheshimiana katika mjadala si kusemezana kwa upole tu, bali ni kuijibu hoja ya mwenzio kabla ya kuhesabu mikono. Tena kanuni ikishaenea, kuiondoa ni kazi ngumu, kwani kurasa nyingi huwa zimekwisha kuitegemea.

Kwa hiyo nashauri: jambo jipya linaloweza kuwadhuru wachache lisipitishwe mpaka kinga yao iandikwe pamoja nalo.

Msomaji,
Morogoro.