Gari moja, ufunguo mmoja: hasara tunayoinunua wenyewe



Magari ya mtumba kutoka Japani yanashushwa Kilindini kila uchao, na sheria yetu hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Basi tunakagua mwaka, tunakagua kilomita, tunalala chini kutazama kutu. Swali moja hatuulizi: funguo ziko ngapi? Mara nyingi upo mmoja tu. Muuzaji wa yadi husema wa pili ulibaki hukohuko, nasi tunacheka na kulipa.

Zamani hilo lilikuwa dogo. Fundi alikuchongea mwingine kabla ya adhana ya alasiri. Siku hizi ufunguo una chipu inayotambuliwa na kompyuta ya gari. Chuma kikichongwa sawasawa na chipu isitambuliwe, mlango utafunguka lakini injini haitawaka. Kwa dereva wa teksi, hizo ni siku bila riziki huku mkopo wa gari ukidai.

Mimi naona kinachotuumiza ni kuchelewa kwenda kwa fundi, kuliko bei ya fundi mwenyewe. Ukiwa na ufunguo mmoja mzima, kwa magari mengi fundi hunakili chipu yake, au huunganisha mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kusajili wa pili. Si kazi ya siku nzima. Ukipoteza zote, gari huvutwa, pengine kompyuta yake ifunguliwe, na huna tena nguvu ya kubishana bei.

Kabla ya yote, badilisha betri. Nambari yake imeandikwa juu yake, CR2032 kwa mfano, na hata fundi wa saa anayo. Gari la kuwasha kwa kitufe nalo lina siri yake: ndani ya rimoti mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango, na Toyota nyingi za aina hiyo huwaka ukigusisha rimoti kwenye kitufe huku umekanyaga breki, hata betri ikiwa imekufa. Rimoti iliyofuliwa pamoja na kanzu (nyumba gani haijapata?) ifungue, ikauke kabisa, ndipo uitie betri mpya. Iliyoanguka baharini ni habari nyingine; chumvi huila.

Wanaoagiza rimoti mtandaoni wawe macho. Gari la soko la Japani na la Ulaya huweza kufanana umbo na rimoti zao zikatumia masafa tofauti, hivyo usinunue kwa picha. Linganisha nambari iliyo ndani ya rimoti yako. Na rimoti iliyotumika kwenye gari jingine, hasa ya Toyota ya kitufe, kwa kawaida haikubali kusajiliwa upya mpaka ifunguliwe kwa kifaa maalumu.

Lakini linalonikosesha usingizi ni ule ufunguo "uliopotea". Ukinunua gari hapahapa mjini kwa mtu, naye akakupa mmoja, wa pili yuko nao nani? Kama haujafutwa kwenye kumbukumbu ya gari, mwenye nao ataliwasha nje ya msikiti wakati wewe uko sijda. Mwambie fundi afute zote, kisha asajili zile ulizo nazo mkononi tu. Kile chuma bado kitafungua mlango, ila injini itakataa.

Fundi naye asituonee haya. Mashine inayomsaidia mwenye gari humsaidia mwizi vilevile, kwa hiyo aulize logbook na kitambulisho, aandike daftarini. Tusikasirike tukiulizwa; mimi humtilia shaka yule asiyeuliza chochote.

Bei akupe kamili mwanzoni: ufunguo wenyewe, kuchonga na kusajili. Halafu jaribu kila ufunguo peke yake, mlango na injini, ule wa zamani pia, kabla hujamtumia pesa.