Waya wa Rangi Tatu

Januari mwaka huu TV ya mwisho ya chogo ilizimika kwenye banda la gemu la mjomba wangu, Mbagala. Fundi akaifungua, akaangalia, akatikisa kichwa. Mjomba akakopa, akanunua flati ya inchi 32, akairudisha kwa bodaboda kaikumbatia kama mtoto mchanga. Kufika nyumbani tukageuza TV nyuma: matundu mawili ya HDMI na tundu la antena, basi. Pa kuchomeka ule waya wa njano, mweupe na mwekundu hapakuwepo. PS2 zake mbili, nzima kabisa, ghafla zikawa makopo.

"Hizo zimepitwa na wakati, nunua PS4." Kila mtu alimwambia hivyo, na mimi nikiwemo. Naandika kukiri kwamba nilikosea, na kwamba kosa hilohilo tunalifanya hapa chuoni kila siku.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000. Zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na gemu mpya za mpira ziliendelea kutolewa kwa ajili yake hadi 2013. Ilitengenezwa wakati wa TV za chogo, kwa hiyo picha yake inatoka kwa mfumo wa analojia, wakati HDMI inapokea dijitali. Hili sisi wa Dar tunalijua vizuri. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa hapa jijini. Je, tulitupa TV zetu? Hapana, tulinunua king'amuzi. King'amuzi ni mkalimani tu, na PS2 za mjomba nazo zilikuwa zinahitaji mkalimani.

Tukanunua kibadilishi cha kwanza Kariakoo, kile cha kuchomeka waya wa njano upande mmoja na HDMI upande wa pili. Picha ikaja, lakini imefifia, rangi zinavujiana, halafu inachelewa. Dogo mmoja akaniambia, "Ticha, mimi napiga shuti leo, mchezaji anapiga kesho!" Wateja wakaanza kuhamia banda la jirani. Kwa mtu anayetoza mia mbili kwa mechi, huku anadaiwa mkopo wa TV, hilo si jambo la kucheka.

Fundi wa Rangi Tatu ndo alitufungua macho. Alisema tatizo ni ule waya wa njano. Unabeba mwanga na rangi pamoja kwenye njia moja, na vikishachanganyika kuvitenganisha ni kazi. Lakini tundu la nyuma ya PS2 lina njia nyingine zinazotoa vitu hivyo vikiwa vimetengana tangu mwanzo. Kuna kibadilishi kidogo kinachochomekwa palepale na kuzitumia njia hizo.

Akakichomeka. Skrini nzima ikawa na ukijani wa ajabu. Mimi, msomi wa mwaka wa tatu, nikatangaza kwamba ni feki. Fundi akacheka. Akairudisha PS2 kwenye chogo lake kwa waya wa zamani, akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabadilisha njia ya picha kutoka RGB kwenda ile nyingine iliyoandikwa Y Cb/Pb Cr/Pr, kisha akarudisha kibadilishi. Picha ikatulia, nyasi za uwanja zikaonekana nyasi. Akamalizia kwa kuiweka flati kwenye hali ya gemu ili ipunguze kuipamba picha kabla ya kuionyesha. Ule ucheleweshaji haukuisha wote, ila ulipungua kiasi kwamba madogo waliacha kulalamika.

Nimesoma baadaye kwamba kuna njia bora zaidi: kulehemu kibao kidogo ndani ya PS2 yenyewe, kikachukua picha ikiwa bado dijitali. Lakini huko unalehemu kwenye miguu ya chipu iliyo myembamba kama nywele, na gharama yake inaweza kuizidi PS2 ya mtumba. Na hata hapo mashine ya 2000 haigeuki kuwa PS4. Mjomba alihitaji picha inayoonekana na mkopo unaolipika.

Najua wapo watakaosema mwalimu mtarajiwa hatakiwi kutetea mabanda ya gemu. Mjomba hamruhusu mwenye sare ya shule kuingia. Lakini hoja yangu si gemu.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ilikuwa na stoo ya kompyuta na projekta za msaada. Nikaambiwa ni mbovu. Nilipochungulia, nyingi zilikuwa na tundu la VGA, na laptopu za walimu zina HDMI tu. Hakuna aliyewahi kuziwasha kwa waya unaofaa. Darasa la wanafunzi zaidi ya mia lilikuwa linachorewa moyo wa binadamu kwa chaki, na projekta ipo ukuta wa pili. Nami sikusema kitu, kwa sababu wakati huo sikujua tofauti ya kifaa kilichokufa na kifaa kilichokosa mkalimani.

Tangu 2024 mtaala mpya una mkondo wa amali sekondari. Ni sisi tutakaotumwa huko. Tutafundisha nini kuhusu kazi za mikono kama tunamaliza chuo bila hata kushika bisibisi? Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: Jumamosi moja kila mwezi, meza moja, fundi mmoja wa mtaani anayelipwa kama mgeni yeyote anayekuja kutufundisha, na sisi tulete vitu tulivyokwisha kuvikatia tamaa. Hela yake haifiki hata robo ya ile ya bendi ya usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza.

Mimi nitaleta kile kibadilishi cha kwanza cha Kariakoo. Nacho nilishasema ni cha kutupa.