Jirani mgonjwa ni darasa la watoto wetu



Hapa Ilomba, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Mbeya, hakosekani jirani ambaye watoto humkimbia. Mtaani kwetu ni bibi mmoja anayeishi peke yake. Anakohoa usiku kucha, macho yake ni mekundu, na mpira ukiingia uani kwake haurudi ila kwa matusi. Siku moja nilimsikia mwanangu wa miaka minane akiwaonya wenzake: "Msipite hapo, yule mchawi." Nilipomuuliza nani kamwambia, alijibu: "Baba, si ulimwambia mama wewe mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Neno hilo si la mzaha. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi wenyewe ni macho mekundu tu.

Macho hayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Ama kikohozi kinachozidi wiki mbili, dawa yake ya kwanza ni kupimwa makohozi. Kifua kikuu kinatibika. Dozi ya kawaida ni miezi 6, nayo hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Hakiambukizwi kwa kupeana mkono wala kula sahani moja. Huenea kwa hewa, hasa katika chumba kilichofungwa. Nasi watu wa Mbeya, baridi ya Juni na Julai ikiingia, tunafunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani! Tufungue madirisha, na jiko libaki nje, maana hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua.

Watasema wengine: bibi huyo si wa dini yetu, tena ana mdomo. Imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alikwenda kumjulia hali kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akaketi karibu na kichwa chake. Sisi ni nani basi?

Simwambii mwanangu kuwa bibi ni mpole, maana si mpole. Namwambia kuwa mtu asiyelala kwa kukohoa, asiye na wa kumchotea maji, hukasirika upesi. Tulimpelekea uji, tukakaa naye uani kwenye hewa. Mara ya kwanza alitufukuza. Mara ya tatu alikubali nimsindikize zahanati, na sasa yumo kwenye dozi.

Mipira bado harudishi. Lakini mwanangu akipita husema, "Shikamoo bibi," na ndoo ya maji huiacha mlangoni.

Mzazi mwenzangu, kabla ya kumkanya mtoto, chunga ulimi wako mwenyewe. Kisha tangulia wewe kubisha hodi, naye akufuate.

Wabillahi tawfiq.