Sindano Haiamshi Uvimbe

Ipo kauli inayosikika mno katika vitongoji vyetu, kuanzia Tandale hadi Mbagala, kwamba uvimbe usioguswa hulala, bali ukichomwa sindano huamka. Kwa kuiamini kauli hiyo, mama mwenye uvimbe mdogo katika ziwa huuficha chini ya kanga, na baba mwenye mitoki ya shingo huikanda kwa mafuta hadi mwaka ukapita.

Chanzo chake si kigumu kukiona. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha komaa. Hapo ndipo hudungwa sindano. Na mgonjwa akifariki miezi michache baadaye, lawama huiangukia sindano iliyokuja mwisho, wala hakuna aihesabuye miezi iliyopotea nyumbani.

Sindano yenyewe haina makuu. Ni nyembamba kama ile ya kutolea damu, au hata kuizidi. Daktari husafisha ngozi, huushika uvimbe kwa vidole, huudunga, na kuichezesha sindano mara kadhaa ili ichukue chembechembe chache. Hizo hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huzitazama kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile, pengine na alama ya kuvilia damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na aseme mapema. Hatari ya sindano hiyo kueneza saratani ni ndogo mno, na pale penye sababu ya kuhofia, kama vile uvimbe wa korodani, madaktari wenyewe huepuka kudunga.

Wala jambo hili si geni kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Greig na Gray walidunga tezi zilizovimba shingoni mwa wagonjwa wa malale, wakaviona vijidudu vya ugonjwa huo katika majimaji yake.

Siku hizi tezi za shingo zikidungwa, kinachoonekana mara kwa mara ni kifua kikuu. Wengi hudhani kwamba ugonjwa huo sharti umkohoze mtu, sivyo. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya serikali, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Fikiri basi, msomaji: mtu anajificha kwa hofu ya saratani, kumbe ana maradhi yanayopona kwa vidonge! Uvimbe mwingine huwa ni maji tu, au mafuta.

Hata hivyo sindano haijui yote. Chembechembe zisipotosha, au majibu yakisema hakuna saratani ilhali uvimbe unazidi kukua, kipimo hurudiwa au hukatwa kipande cha nyama. Ziko rovu zisizoamulika mpaka zipasuliwe. Kuitwa tena si hukumu ya kifo, wala si uzembe wa daktari.

Uvimbe ukikaa majuma 3 bila kupungua, anzia zahanati ya karibu. Ikibidi utaandikiwa barua ya kwenda Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Ukishadungwa, usitoke kabla ya kuuliza majibu yatakuwa tayari lini na yatachukuliwa wapi. Urudi siku hiyo hata kama uvimbe hauumi, maana saratani changa ya ziwa mara nyingi haiumi kabisa.