*TAARIFA YA TAWI: VIJANA WETU WA KAMPUNI ZA NDEGE WASIPUNGUZWE KAZI KIENYEJI*

Ndugu wanachama, wapenzi wa Chama na wananchi wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa,



Ofisi ya Tawi imepokea wazazi zaidi ya mmoja wenye shida inayofanana. Vijana wao, waliosomeshwa kwa fedha za korosho na ufuta, wamerudi kutoka Dar es Salaam baada ya kupunguzwa katika kampuni za ndege za kukodi. Yupo fundi, yupo aliyekaa kaunta ya abiria, yupo mpakia mizigo. Wote wamerudi na mabegi, hakuna aliyerudi na hesabu yake. Kampuni hatuzitaji, kwa kuwa mashauri bado hayajafunguliwa. Lakini kukaa kimya hatuwezi.

*Msimamo wetu:* kampuni kupunguza wafanyakazi si kosa. Biashara hupanda na kushuka. Kosa ni kuwapunguza watu bila utaratibu, na kuondoka na fedha walizokatwa.

Jambo hili si geni. Sisi wa Nachingwea tuna kumbukumbu ya Mpango wa Karanga ulioanza 1947. Waingereza walileta matrekta, ndege na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 walikwishaukatia tamaa, baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36, na reli yenyewe baadaye iling'olewa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la East African Airways likafa. Wazee waliotumikia Jumuiya walidai mafao yao kwa miongo kadhaa, hadi wengine wakalala barabarani Dar es Salaam kuishinikiza Serikali. Fastjet ilianza safari zake nchini Novemba 2012 kwa nauli nafuu. Desemba 2018 ilisitisha safari, huku Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ikieleza kuwa ina madeni.

Kenya nako lilitokea. Kenya Airways ilipunguza mamia ya wafanyakazi mwaka 2012, chama chao kikaenda mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba shirika lilikuwa na hali mbaya, lakini ikasema utaratibu ulikosewa, ikaamuru fidia. Hasara ya mwajiri haifuti haki ya mfanyakazi.

Ndugu wanachama, kampuni haianguki siku barua zinapotoka. Huanza kuoza mapema. Vijana waliofika ofisini wanaeleza mambo yale yale: mshahara unasogea kutoka tarehe 28 hadi tarehe 10 ya mwezi unaofuata, posho ya safari inageuka ahadi, vikao vya wafanyakazi vinakoma, anayeuliza anaambiwa mlango uko wazi, wenye ujuzi wanaondoka mmoja mmoja, kazi yao wanaachiwa waliobaki. Katika duka la vifaa, hali hiyo huharibu mauzo. Katika ndege, fundi aliyechoka, asiyelipwa na anayeogopa kusema kuwa kifaa hakifai, ni hatari kwa kila anayepanda.

Hapa tuseme lugha ya mahesabu. Makato ya NSSF yaliyotolewa kwenye mshahara wa mfanyakazi si mapato ya kampuni. Ni deni. Mwajiri akiyatumia kununua mafuta ya ndege, ametumia fedha ya mtu mwingine. Sisi wakulima tunalijua hili vizuri. Mnada wa RUNALI ukipita na chama cha msingi kikakata shilingi isiyoeleweka, mkutano hautafungwa hadi makato yaelezwe. Kwa nini makato ya kijana yasiulizwe kwa nguvu hiyo hiyo?

*Vijana na wazazi, shikeni haya:*

1. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama. Mashauriano ni juu ya njia za kuepuka kupunguza, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo.

2. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua navyo ni haki yake. Adai pia cheti cha utumishi.

3. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mfano: msingi wa 780,000 kwa mwezi, kazi siku 6 kwa wiki, ni 30,000 kwa siku. Siku 7 ni 210,000. Miaka 4 ni 840,000. Ukipewa bahasha ya 200,000 usaini kuwa huna dai, umeuza haki yako kwa kangomba.

4. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yafikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Msikae nyumbani mkisubiri simu ya bosi.

5. Mliobaki kazini, angalieni michango yenu NSSF kila mwezi, na tunzeni mikataba na karatasi za mshahara.

Wapo wanachama wanaosema tukizibana kampuni zitafunga, na vijana watakosa hata hicho kidogo. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini kampuni inayoishi kwa kutolipa makato inajikopesha kwa wafanyakazi bila ridhaa yao, na siku ikifunga mkopo huo hulipwa na mzazi wa Ruangwa au Nachingwea.

*Kwa hiyo Tawi linapeleka hoja moja kwenye vikao vya Kata na Wilaya, ifike kwa wabunge wetu:* leseni ya kampuni ya ndege isihuishwe bila uthibitisho kwamba mishahara imelipwa na michango imefika kwenye mfuko. Ndege hukaguliwa kabla ya kuruka. Karatasi ya mshahara nayo ikaguliwe.

Kijana yeyote aliyepunguzwa afike Ofisi ya Tawi na barua yake, mkataba na taarifa ya NSSF. Tutakaa naye, tutapiga hesabu, na tutamsaidia kuandika madai bila malipo. Aje mapema, siku 30 ni chache.

Tafadhali sambaza kwenye makundi ya matawi jirani.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*