Magunia kwa Ekari

Kila msimu ukiisha, mkulima wa Dodoma huulizwa swali lile lile: ekari imetoa magunia mangapi? Kwa kipimo hicho anashindwa karibu kila mwaka, na kushindwa kwake ndiko kunakohalalisha mpango mwingine wa maendeleo kushushwa kijijini.

Nadhani kasoro iko kwenye kipimo. Mvua za nyanda hizi ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600, na aghalabu Februari hukatika. Mahindi yakikutwa yanatoa mbelewele, basi tena. Uwele husinyaa, ukangoja, mvua ikirudi ukaendelea. Ndiyo maana Novemba, vumbi likitimka, watu wanaberega: wanaparura ardhi juu juu kwa jembe la mkono, wanafukia mbegu kwenye ukavu, ili mvua ya kwanza isipite bure. Humo humo watachanganya kunde na matikiti. Mavuno ni haba, kweli, lakini kilimo hiki kilikusudiwa kuvuka mwaka mbaya.

Waliokuja Kongwa mwaka 1947 walipanga kwa hesabu ya mwaka mzuri. Serikali ya Uingereza ilileta matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita, ili ilime karanga. Kiangazi udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga hazing'oki. Mvua nayo ikawa ya kusuasua. Mradi uliachwa 1951, umekwishakula pauni milioni 36 hivi. Wenyeji wakaendelea na uwele na mtama wao.

Si kwamba jadi haina dosari. Kondoa mmomonyoko ulikithiri hadi HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973, ukaondoa mifugo mwaka 1979. Na kuberega hakuingizi maji ya kutosha ardhini. Hapo ndipo vishimo vya kijiji cha Chololo vinapofaa: vinatega maji penye shina, na aliyevibuni ni mkulima wa kijiji hicho hicho, mwenye jembe lake mkononi.

Kwa hiyo tuliwaomba waandishi wa toleo hili wasiishie kwenye magunia. Waulize kihenge kilikuwa na nini Januari, na ni nani aliyekwenda kufanya kibarua cha palizi kwa jirani ili apate debe la mtama, huku shamba lake mwenyewe likimezwa na magugu.